Nchi Iliyougua kwa Ruhusa

Sikudhani binti Mwinjuma alikuwa muuguzi kwa miaka ishirini na tisa, na hakuwahi kuvishwa miwani kwa nguvu mpaka siku aliyoingia Shibani.

Jinsi alivyofika huko hakuna haja ya kusimulia. Njia ilikuwa ndefu na vumbi lilikuwa jingi. Kwenye lango la mpaka ofisa mmoja mpole alichukua mkoba wake, akautazama, akaurudisha, kisha akatoa miwani minene kwenye kikapu na kumpachika usoni.

"Macho yangu mazima, baba," Sikudhani alisema.

"Sikuulizia macho yako, mama," ofisa akajibu bila ubaya. "Macho ya Mfalme yalipungua nguvu mwaka juzi. Kwa hiyo sote hatuoni vizuri."

Na kweli, kila aliyekutana naye barabarani alikuwa na miwani: wauza mboga, askari, hata vitoto vichanga mgongoni mwa mama zao. Waliozaliwa na macho mazima walikuwa wakienda kwa kupapasa, wakijikwaa na kutumbukia mitaroni. Baraza la nchi lilikuwa limeunda kamati ya kuchunguza kwa nini mitaro imeongezeka.

Sikudhani alipata chumba kwa Bi Nyamizi, mwanamke wa makamo aliyekuwa akiuza vitumbua katika mtaa wa Bondeni, upande wa chini wa mji. Alipompa pole kwa kuondokewa na mumewe, Bi Nyamizi alicheka kicheko kikavu.

"Ungenipa pole hiyo barabarani, tungelala ndani sote wawili. Hapa hakuna mjane. Mke wa Mfalme ana mume, basi sote tuna waume."

Ndipo akamweleza mgeni wake sheria iliyoitwa ya Mwili Mmoja. Mfalme ndiye mwili wa nchi, na raia ni viungo vyake. Kiungo hakina hali yake chenyewe. Kila asubuhi ofisa aitwaye Msema-Hali, Bwana Kirumbi, alisimama kwenye roshani ya ikulu na kutangaza Mfalme amelalaje, ametafuna nini, na tumbo lake limeamkaje. Hiyo ndiyo ilikuwa hali ya nchi siku hiyo. Saa saba mchana ngoma ilipigwa, mpiga mbiu akalia, "Mfalme ameshiba!" na mji mzima ukaitikia, "Tumeshiba!" Ambaye sufuria yake ilikuwa bado jikoni aliifunika, kwa sababu kula baada ya kushiba ni ulafi, na ulafi ulikuwa kosa la jinai.

"Na mkavumilia?" Sikudhani aliuliza.

Bi Nyamizi aliinamia ungo wake. Alikuwa akiokota vijiwe kwenye mchele.

"Bibi yangu alikuwa akisema haikuanza hivi," alisema mwishowe. "Alisema Mfalme wa kwanza, mwaka wa njaa kuu, aliapa kwamba hatatia kitu kinywani mpaka aambiwe mtu wa mwisho nchini ameshakula. Watu wakawa wakimtazama mdomo. Wakimwona anatafuna, wanajua majirani wote wamepata. Sasa sijui ni nani aliyeigeuza, wala iligeuzwa mwaka gani. Sisi tumezaliwa tumeikuta kichwa chini."

Sikudhani alikusudia kukaa siku tatu. Siku ya pili, Bondeni ikaanza kuhara.

Alilijua gonjwa lile kabla hajaonyeshwa mgonjwa. Mvua ilikuwa imejaza vyoo, vyoo vikamwagikia kisimani, na kisima kilikuwa kimoja kwa mtaa wote. Watu walitapika na kuharisha maji matupu, macho yakadidimia, ngozi ikifinywa inabaki imesimama. Lakini hakuna aliyelalamika. Walijikunja majumbani mwao milango imefungwa, na ukibisha hodi walijibu kwa sauti hafifu, "Tu wazima," kwa kuwa asubuhi hiyo Msema-Hali alikuwa ametangaza kwamba Mfalme yu mzima na mchangamfu.

Katika nyumba ya jirani alikaa Mzee Lugendo, fundi wa kusokota kamba, na mkewe Bi Kalunde. Bi Kalunde alianza kuumwa alfajiri. Saa nne Sikudhani alipoingia kwao, mama yule alikuwa hawezi tena kuinua mkono. Alimnywesha alichoweza, kijiko kwa kijiko, na Mzee Lugendo akashika kichwa cha mkewe kwa mikono miwili. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekata roho.

Karani wa serikali alifika upesi, daftari kwapani. Alimtazama maiti kupitia miwani yake, akaandika: Kalunde, amechelewa kuamka.

"Amekufa," Mzee Lugendo alisema.

"Mfalme yu hai, mzee wangu," karani akasema kwa huruma ya kazini. "Kiungo hakifi mwili ukiwa hai. Tia sahihi hapa. Kisha mtamlaza, lakini msilie kwa sauti, maana Mfalme leo ni mchangamfu."

Mzee Lugendo alisimama na kalamu mkononi muda mrefu sana. Kisha akatia sahihi. Sikudhani hakumlaumu, ila hakusahau jinsi mabega yake yalivyoshuka, kama mtu aliyetua mzigo mahali asipopenda.

Mchana huohuo akamshika mkono Bi Nyamizi wakaenda zahanati. Ilikuwa jengo zuri, limepakwa chokaa, na mlangoni pana kibao: MFALME YU MZIMA. Ndani walimkuta daktari, Mabruki jina lake, amekaa mezani akidarizi kofia. Kabati kubwa la dawa lilikuwa nyuma yake, limefungwa kwa kufuli.

"Daktari, Bondeni watu wanakwisha," Sikudhani alisema.

Daktari hakuinua macho. "Mwaka wa kumi na moja huu sijaona mgonjwa. Mfalme ni mtu mwenye afya, tumshukuru Mungu."

"Twende ukawaone wewe mwenyewe."

"Nikiwaona nitakuwa nimeona nini?" Sindano ilisimama hewani. "Dada yangu, ufunguo uko kwa Msema-Hali. Anautoa kwa hati ya maumivu ya Mfalme tu. Mwaka ule Mfalme alipoumwa jino, niling'oa meno mia nne kwa siku mbili. Watu wazima wenye meno yao mazuri, wamepanga mstari. Tangu hapo nadarizi." Akashusha sauti. "Chemsheni maji. Chumvi kidogo, sukari kwa vijiko. Sikusema kitu."

Wakachemsha. Uani kwa Bi Nyamizi, kwenye sufuria za kupikia pilau ya harusi, Sikudhani alikoroga maji, chumvi na sukari, na habari ikapita nyuma ya milango iliyofungwa. Mgonjwa wa kwanza alikuwa Mbula, binti wa Bi Nyamizi mwenyewe, aliyekuwa akinyonyesha. Mama yake alimbeba mgongoni kutoka nyumbani kwa mume wa Mbula kama alivyombeba alipokuwa mdogo, akamlaza mkekani mbele ya watu wote, akasema kwa sauti, "Mwanangu anaumwa." Sikudhani aliona watu waliokuwa ukutani wakishtuka, kana kwamba limetamkwa tusi. Kisha mmoja akasogea na kusema mumewe naye. Mwingine akasema yeye mwenyewe. Kufikia jioni ya siku ya nne walikuwa watu sabini, na waliokunywa mapema walikuwa wameanza kuomba uji.

Siku ya tano askari walikuja wakamchukua Sikudhani. Shtaka lilisomwa palepale uani: kuzusha maumivu yasiyo na kibali.

Baraza la Shibani lilikutana katika ukumbi mrefu, na kesi zake zilikuwa wazi kwa kila mtu, maana viungo vina haki ya kuuona mwili wao. Bi Nyamizi alikuja na Bondeni nzima nyuma yake, wenye nguvu wakiwashika mkono wasio nazo. Mzee Lugendo alikuja peke yake, akasimama karibu na nguzo.

Mfalme alikuwepo. Alikaa kwenye kiti cha juu, amefunikwa joho zito la dhahabu, kimya. Hakuruhusiwa kusema barazani, maana akikohoa tu nchi inashikwa na kikohozi. Mbele yake alisimama Bwana Kirumbi, mtu mwembamba, msafi, mwenye sauti tamu.

Mjadala ulianza kwa utulivu. Mjumbe mmoja alisema mgeni si kiungo, basi maumivu aliyozusha ni ya nje na yarudishwe kwao. Mjumbe wa pili akauliza kama Bondeni inaumwa kweli. Akajibiwa hilo haliwezekani, kwani hali ya nchi ilikwisha kusomwa asubuhi na kupigwa muhuri. Wa tatu, mzee mnene mwenye hekima nyingi za vitabuni, alishauri kwamba mtaa unaong'ang'ania kuumwa wakati mwili ni mzima si kiungo tena bali ni uvimbe, na dawa ya uvimbe ni kisu. Bondeni ikatwe. Lango lijengwe, watu wake watolewe kwenye orodha ya nchi.

"Swali ni kama Bondeni ni kisigino au kidole," mwingine akadakia. "Kisigino tutakihitaji."

Wakabishana juu ya hilo karibu saa nzima. Wengi walielekea kwenye kidole.

Sikudhani hakuwasikiliza sana. Alikuwa akitazama kama alivyozoea kutazama. Miwani waliyompa alikuwa ameivua tangu uani, na sasa aliiona vizuri miguu ya Mfalme chini ya pindo la joho: imevimba, imekaza, viatu vimechanwa pembeni ili iingie. Aliona mishipa ya shingo. Alihesabu pumzi zake, fupi fupi, za mtu anayelala akiwa ameketi kwa sababu akilala chali anakabwa.

Alipoitwa ajitetee alisema, "Waheshimiwa, sina la kujitetea. Nimeona wagonjwa sabini na mmoja. Sabini wako Bondeni. Wa sabini na moja amekaa pale juu. Moyo wake umechoka, na si jambo la leo. Mtu huyu anaumwa kuliko mimi nilivyo na maneno ya kuwaambia."

Ukumbi ulilipuka. Wajumbe walishika vifua vyao, mmoja akaanza kupepewa. Bwana Kirumbi aliinua mikono mpaka wakatulia, kisha, kwa kujiamini, akafanya jambo lisilofanywa kamwe: akamgeukia Mfalme.

"Mtukufu, waondolee watu wako hofu. Neno moja tu."

Mfalme aliwatazama watu wa Bondeni. Sikudhani alikuwa na hakika kwamba aliwaona. Alitazama mmoja mmoja, na mdomo wake ukafunguka kidogo. Kama angesema kweli, kabati lingefunguliwa dakika ileile. Sikudhani alimwombea kimoyomoyo. Mfalme akamtazama Kirumbi, akatazama mikono yake mwenyewe.

"Mimi mzima," alisema.

Bwana Kirumbi aliinama. Wajumbe wakapiga makofi. Ndipo Bi Nyamizi akatoka kwenye umati, akasimama mahali anaposimama mshtakiwa, kando ya Sikudhani.

"Vema," alisema. "Mtukufu ni mzima, nami nafurahi kwa ajili yake. Sisi tunaumwa. Hayo ni mambo mawili."

"Hayawezi kuwa mawili!" mzee mnene alifoka. "Kidole hakiwezi..."

"Mimi si kidole cha mtu, babu. Mimi nina tumbo langu, na nimelala nalo njaa saa ambayo mlinitangaza nimeshiba. Nina mume niliyemzika kwa mikono hii, na mkaniandika mke wa mtu. Nilinyamaza. Sijui nilinyamazia nini. Nadhani nilikuwa nangoja huyu aliyekaa pale juu atuone." Akamwonyesha Mfalme, si kwa kidole bali kwa kiganja kilichofunguka, kama anavyoonyeshwa mtu wa nyumbani. "Leo ametuona. Ametuona vizuri kabisa, na amesema alichosema. Basi mimi sina wa kumngoja tena. Naenda zahanati kuvunja kufuli. Anayeumwa anifuate, na anayeuguza anifuate."

Akageuka akaanza kutembea. Alipita kati ya watu, na watu wakageuka nyuma yake.

"Wazuieni!" Kirumbi alipiga kelele. "Wapigeni!"

Askari waliinua marungu. Mkuu wao, kijana mwenye uso mwaminifu, akasita. "Bwana, Mfalme amekasirika?"

"Nini?"

"Asubuhi ulitusomea kuwa Mfalme ni mchangamfu. Nasi ni wachangamfu, bwana. Mchangamfu anampigaje mtu?" Haikujulikana kama aliuliza kwa ujinga au kwa ujanja; wengine wanasema mama yake alikuwa mmoja wa wale sabini.

Kirumbi alikimbilia kitini. "Mtukufu, kasirika! Kidogo tu, kwa ajili ya nchi!"

Mfalme alijaribu. Waliokuwa karibu waliona akikunja uso. Kisha uso ukakunjuka wenyewe.

"Siwezi, Kirumbi," alisema. "Nimechoka."

Mkuu wa askari alilisikia neno hilo, naye alikuwa mtu wa kutii sheria. Akaweka rungu chini, akakaa kwenye ngazi, na askari wake wote wakakaa. Lakini wakati huo Bi Nyamizi alikuwa tayari nje, njia panda ya zahanati, na hakujua kwamba hakuna anayemfuata kwa rungu. Hilo watu wa Bondeni hulikazia sana wanaposimulia. Hakujua.

Daktari Mabruki aliposikia vishindo aliweka kofia yake kando, akatoa nyundo chini ya meza. "Nimekuwa nayo miaka kumi na moja," alisema, akampa Bi Nyamizi. Kufuli lilivunjika kwa pigo la tatu.

Nusu ya dawa zilikuwa zimegeuka unga usiofaa kitu. Nusu nyingine ilitosha kuanza. Kisima kilifungwa, vyoo vipya vikachimbwa mbali na maji, maji yakachemshwa kila nyumba. Watu wengine wanne walikufa, kwa maana si kila kitu kinaponywa kwa kuvunja kufuli. Lakini wanne hao walizikwa kwa majina yao na watu wakalia mpaka wakakaukiwa. Siku ya maziko ya wa mwisho, Mzee Lugendo alikwenda ofisi ya karani, akaomba daftari. Karani akamwambia lililoandikwa limeandikwa. Mzee Lugendo akakaa sakafuni mbele ya meza yake, akasema, "Mke wangu amekufa." Alisema hivyo, akanyamaza, akasema tena. Siku ya pili alirudi na majirani kumi, nao wakakaa. Siku ya tatu karani alichukua kalamu, akakata mstari, akaandika: Kalunde binti Sengo, amefariki. Alipomaliza alivua miwani akafuta machozi, kisha akasahau kuivaa.

Baada ya hapo Shibani iliingia katika mabishano ambayo, kwa kadiri Sikudhani alivyoelewa, hayajaisha hadi leo. Wajumbe wengine walitaka mfalme mpya mwenye afya hafifu, ili zahanati isifungwe tena. Wengine walipendekeza wafalme sita, kila mtaa uwe na wake wa kuuwakilisha kwa maumivu. Mzee mnene aliandika kitabu kuthibitisha kwamba nchi yenye tumbo zaidi ya moja itararuka. Bi Nyamizi, aliyeitwa barazani kutoa maoni, alisema maneno machache.

"Sitaki mtu wa kuumwa kwa niaba yangu, wala wa kushiba kwa niaba yangu. Kama kiti kile lazima kikaliwe, akae mtu anayejua kuuliza. Akiuliza, asikilize jibu. Akishindwa, aondoke, na sisi tuwe na njia ya kumwondoa isiyohitaji nyundo."

Walisema hilo litachunguzwa na kamati.

Sikudhani, ambaye shtaka lake halikutajwa tena, alikuwa bado zahanati, akiwafundisha wanawake wanane kazi ya uuguzi, asubuhi ile Mfalme alipokuja. Hakuja na ngoma. Alikuja kwa miguu, akipumzika kila hatua kumi, joho ameliacha nyumbani, na Bwana Kirumbi alikuwa mita chache nyuma yake na karatasi tupu mkononi, hajui aandike nini. Foleni ilikuwa ndefu mpaka uani.

Mfalme alimwendea Bi Nyamizi, aliyekuwa akipokea wagonjwa mlangoni.

"Miguu," alisema, akihema. "Na pumzi."

Bi Nyamizi aliitazama miguu, kisha uso. Sikudhani, aliyekuwa ndani akiwasikia, aliacha alichokuwa akifanya. Alijua kwamba mwanamke yule alikuwa na mengi ya kusema, na kwamba ana haki ya kuyasema.

"Pole," Bi Nyamizi alisema. "Hali yako si ya kufa leo; umetembea mpaka hapa. Kuna mama mwenye uchungu ndani, na kuna mtoto mwenye homa kali. Hao wanatangulia. Wengine ni kwa zamu. Wewe unamfuata yule mzee wa mwisho kwenye benchi."

Mzee wa mwisho kwenye benchi alikuwa Lugendo, aliyekuja kwa kikohozi. Alikuwa tayari ameshasimama, kofia mkononi, mgongo umeinama, maana miaka sabini mwili wake ulikuwa umefundishwa kusimama. Mfalme alifika mbele ya nafasi iliyoachwa wazi, akaitazama kwa tamaa ya mtu ambaye miguu inamuuma kweli.

"Kaa, Mzee Lugendo," Bi Nyamizi alisema kutoka mlangoni. "Zamu ni yako."

Mzee Lugendo alimtazama Mfalme usoni, karibu kabisa, jinsi ambavyo hajawahi kumtazama. Akavaa kofia yake. Akakaa, kisha akasogea kidogo upande wa kulia, nafasi ya mtu mmoja ikapatikana kando yake, nyuma ya zamu yake.